Mahameli Juu ya Dashibodi

Lori la Mama Hortense halikuwa na dashibodi. Pale mbele ya dereva palikuwa na shimo tu, nyaya za kila rangi zikining'inia, na geji moja ya mafuta ya injini iliyofungwa kwa waya kwenye shina la usukani. Dashibodi ya asili iling'olewa na wanajeshi siku za uporaji kwa sababu ya redio iliyokuwemo, na redio yenyewe, kwa habari zilizofika baadaye, haikuimba tena hata wimbo mmoja. Dereva wa zamani naye alikuwa ameondoka kwa gari-moshi pamoja na watu wa kwao waliofukuzwa mkoani, wake zao na magodoro juu ya mabehewa. Tangu hapo usukani ulikuwa wa Hénoc.

Mama Hortense alikuwa mfanyabiashara mnene mwenye sauti kubwa. Alipeleka chumvi, sabuni na vitenge upande wa Mwadingusha na kurudi na samaki na mahindi. Asubuhi moja aliingia uani kwa Germain, huko Kikula mjini Likasi, akaketi juu ya pipa bila kukaribishwa.

"Papa Germain, minye nataka tablo ya chuma," alisema, akimaanisha dashibodi. "Ile ata basoda bakikuya tena, mikono yabo ivunjike mbele ya kuing'oa."

"Na redio?"

"Redio hapana. Nitaimba minye mwenyewe."

Germain alicheka. Alikuwa fundi wa matangi na maboila kiwandani, kazi aliyoifanya tangu ndevu zake zilipoota. Kiwanda hakikufungwa. Kiliacha tu kulipa, na watu wakaacha kwenda mmoja mmoja, kila mtu akidhani yeye ndiye wa kwanza kukata tamaa. Sasa Germain alitengeneza majiko ya makaa, ndoo na milango. Dashibodi ya lori ilikuwa kazi ya heshima, na isitoshe, Hénoc alikuwa mume wa mdogo wake, Chérie. Kwa hiyo alikubali kabla hata ya kufikiri.

Hénoc alileta lori siku iliyofuata. Germain alikuwa amelaza bamba refu la chuma juu ya vihimili vya mbao, na Hénoc akaegemea upande mmoja kwa kiwiko, mgongo umegeuka, anatazama barabara. Germain, akiwa upande wa pili, alimwomba amsogezee futi. Hénoc hakujibu. Akamwita kwa jina. Akamwita tena, kwa sauti ambayo jirani wa nyumba ya tatu aliitikia.

Basi mkono wa Germain ukafanya jambo lililokuwa mazoea yake. Kule kwenye maboila mdomo haukuwa na faida yoyote, nyundo zilimeza kila neno. Ukitaka mtu aliye upande wa pili wa tangi, unagonga bamba: mara moja, simama, mara mbili, njoo. Germain aligonga mara mbili kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayejaribu yai. Hénoc akageuka papo hapo.

"Uliniita?" akauliza, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Germain alimtazama. Akakumbuka malaria ya masika yaliyopita, ile iliyomlaza Hénoc akiweweseka, na chupa za kinini zilizotundikwa juu ya kitanda chake. Aliposimama tena alilalamika kwamba masikio yanavuma. Kisha akaacha kulalamika, na watu wote wakadhani amepona.

Jioni Germain alikwenda kumuuliza dada yake. Chérie alikuwa anasonga bukari, na hakuacha kusonga alipomjibu kaka yake.

"Masikio ilikufa, yaya. Yote mbili. Anasomaka mudomo. Ukikuwa mbele yake, anakusikia. Ukikuwa nyuma, weye hauko."

"Na injini? Anaisikia namna gani?"

"Na mikono." Akaweka mwiko chini. "Yaya, Mama Hortense akijua, atamunyang'anya clé ya motokari siku ile ile. Na hapa nyumbani ni ile clé njo inatulisha. Usiseme. Nakuomba."

Germain hakusema. Njiani kurudi alijipa sababu nyingi, na zote zilikuwa nzuri. Gari haliendeshwi kwa masikio. Yeye mwenyewe alikuwa nusu kiziwi, na nani kule kwenye maboila hakuwa hivyo? Na Mama Hortense hakuwa hata na shaka. Aliketi kwenye kabini karibu na mlango akaongea kutoka Likasi hadi Mwadingusha bila kumeza mate, na kwa kuwa hakuzoea kungoja jibu la mtu, alimsifu Hénoc kila mahali kuwa ni dereva aliyelelewa vizuri, asiye na mdomo.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Germain hakuweza kulipatia sababu nzuri. Abiria wa juu ya mizigo hawana kengele. Wana viganja. Mtu akitaka kushuka, au gunia likidondoka, au kuna hatari yoyote, wanapiga paa la kabini na dereva anasimama. Hiyo ndiyo sheria ya malori yote ya huko, na hakuna nyingine. Hénoc angeisikiaje?

Hapo ndipo Germain alipoijua dashibodi atakayoitengeneza.

Chuma chake kilikuwa milango ya makabati ya chumba cha kubadilishia nguo kiwandani, yale ambayo kila mfanyakazi aliweka viatu na mkate wake. Msimamizi wa mwisho alikuwa amewaambia kila mtu abebe lake, na wengine walibeba na ya marehemu. Ni chuma kizuri, kigumu bila kuwa kizito. Germain alikata kielelezo kwa boksi la sabuni, akakiingiza kwenye lile shimo, akakipunguza, akakirudisha, mpaka boksi likakaa bila kusukumwa. Kisha akakichora kwa chaki juu ya chuma na kukata. Mikunjo aliipiga juu ya kipande cha reli, nyundo ya mbao mkononi, akienda kidogo kidogo kutoka mwisho huu hadi ule, maana ukikunja kwa haraka chuma kinajipinda kama mtu mwenye hasira. Gesi ya kuchomelea haikupatikana mjini, kwa hiyo pembe alizipiga ribiti. Ribiti za shaba. Katika mji huu shaba hupatikana upesi kuliko mkate.

Geji alizipata kwa watu wanaouza vyuma chakavu, nyingine za lori, nyingine za mashine za upepo. Kila moja aliizungusha ndani ya tundu lake mpaka, injini ikiwa na afya na joto lake la kawaida, mshale usimame wima. Ndivyo walivyozifunga kule kwenye maboila. Anayepita hana haja ya kusoma tarakimu. Anatupa jicho tu, na mshale uliolala unajitangaza wenyewe.

Kisha raba. Fundi yeyote mwenye akili huweka vipande vya raba kati ya dashibodi na nguzo za kabini ili chuma kisipige kelele. Germain alivikata vipande hivyo, akavishika mkononi, akavitupa kwenye ndoo ya takataka. Alifunga dashibodi chuma kwa chuma, kwa boliti nene, kwenye nguzo zile zile zinazobeba paa. Pigo la juu lingeshuka kwenye nguzo, lingeingia kwenye bamba, lingefika kwenye vidole vya mtu.

Walijaribu Jumapili, baada ya misa. Hénoc aliwasha injini na kuweka mkono wa kulia juu ya chuma kitupu. Germain alipanda nyuma, akangoja kidogo kwa makusudi, akapiga paa kwa kiganja. Honi ikalia. Akapiga polepole. Honi. Akagonga kwa kifundo cha kidole kimoja tu, na honi ikalia tena, ndefu, ya furaha, mpaka mbwa wa mtaa wakaanza kubweka. Chérie, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijifunika uso kwa kitenge.

Hénoc alishuka akamkimbilia shemeji yake akicheka.

"Beau-frère, iko inasema!"

"Nini iko inasema?"

"Chuma! Kila kitu iko inaniambia!"

Germain alifurahi siku ile kuliko siku yoyote tangu kiwanda kinyamaze. Hakuna haja ya kuficha hilo.

Kiangazi kizima lori lilikwenda na kurudi. Hénoc aliendesha mkono mmoja ukiwa kwenye dashibodi kila barabara iliponyooka, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake, na abiria wakaanza kusema kwamba hakuna dereva anayesimama haraka kama yeye. Mvua za kwanza zilipoanza, Mama Hortense alirudi uani kwa Germain, na mara hii alikuja na lori, na Hénoc, na furushi kwapani.

"Papa Germain, tablo yako iko muzuri, lakini inalia! Tutututu, mpaka Mwadingusha. Naongea na Hénoc, ata minye mwenyewe sijisikie. Na jua ikipiga, inachoma sawa sahani ya mukaa. Na tena nasikia haya. Camion ya Godefroid iko na velours. Camion ya bote iko na velours. Yangu iko sawa kabati ya mutumishi!"

Akafungua furushi. Ndani mlikuwa na sponji ya godoro na mahameli nyekundu. Mahameli ile ilitoka kwenye mapazia ya kilabu fulani cha wakubwa, na baada ya uporaji ilienea mjini kama upele: utaiona kwenye makochi, kwenye kaptula za watoto, hata ndani ya majeneza. Lori lisilovikwa mahameli la mfanyabiashara mwenye jina lilikuwa kama bibi arusi aliyekuja na kanga ya jikoni. Kila mtu aliliona hivyo. Hata Germain, akisema kweli, aliliona hivyo.

"Mama, chuma tupu iko na nguvu," alisema. "Nguo itashika vumbi."

"Vumbi nitapangusa."

"Geji zitaingia ndani."

"Utakata matundu. We si fundi?"

Germain alimgeukia Hénoc. Alikuwa amesimama mbele yao, macho yakiruka kutoka mdomo huu hadi ule, na alikuwa ameelewa kila kitu. Neno moja lingetosha kuzuia jambo lile, na ni neno ambalo hakuna aliyeweza kulisema. Anayeomba chuma kibaki kitupu ataulizwa kwa nini.

"Vika tu, beau-frère," Hénoc alisema. "Motokari ni ya mama."

Basi Germain akapaka gundi. Alikata sponji, akaivuta mahameli mpaka ikanyooka, akaingiza kingo zake chini ya mkunjo. Alifanya kazi vizuri. Mikono yake haikujua kufanya vibaya, ingawa moyo wake ulimwambia aharibu. Upande wa kulia wa usukani aliacha ukanda wa chuma upana wa kiganja. Mama Hortense aliuona mara moja akapiga makofi ya kejeli.

"Papa Germain! Unavalisha muntu, unamuacha mukono moja inje?"

Akauvika na ukanda huo.

Safari iliyofuata Germain alipanda lori. Alisema anakwenda kutafuta mahindi ya nyumbani. Kwa kweli alikuwa na hofu, na hofu hiyo hakuweza kuishusha kwa mtu yeyote. Kwenda hakukutokea kitu. Kurudi, lori lilijaa magunia ya mahindi na vikapu vya samaki wakavu mpaka kamba zikalia, na juu yake walikaa abiria kama kuku juu ya kichanja. Germain aliketi mbele kabisa, nyuma ya paa la kabini. Ukingoni, juu ya vikapu vyake mwenyewe, aliketi mchuuzi mmoja aitwaye Élise, mjane mchangamfu, aliyekuwa akimtania Germain tangu asubuhi kuhusu mvi zake.

Barabara ilipinda na kuteremka. Kamba ya upande wa Élise ilikatika kwa mlio mdogo tu. Vikapu vikaanza kuteleza, na yeye pamoja navyo. Alishika ubao wa pembeni, miguu ikaning'inia juu ya gurudumu la nyuma.

"Piga! Piga ku cabine!" watu wakapaza sauti.

Wakapiga. Germain akapiga kwa viganja vyote viwili, kisha kwa ngumi, kisha kwa kisigino cha kiatu. Alilala kifudifudi akagonga kwenye nguzo yenyewe, pigo moja moja, lile la maboila: simama, simama, simama. Aliyasikia mapigo yakishuka kwenye chuma. Alijua yanakoishia. Aliigundisha sponji ile kwa mikono yake mwenyewe.

Lori halikupunguza mwendo. Élise aliachia.

Ndani ya kabini Mama Hortense alikuwa amekwisha sikia. Alipiga kelele, akapiga tena, na mwisho akamshika Hénoc mkono, akauvuta kwa nguvu mpaka lori likayumba na kusimama kando ya barabara.

Élise alianguka kwenye udongo wa mfereji, si chini ya gurudumu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko, na alilia kwa sauti nyembamba ambayo haikufanana naye. Watu walimfunga mkono kwa kitenge na vipande vya mbao. Hénoc alikimbia, akapiga magoti mbele yake, akarudia, "Pardon, mama, pardon." Hapo Mama Hortense akaja polepole, akasimama nyuma ya mgongo wake.

"Hénoc," alisema.

Watu wakanyamaza.

"Hénoc!"

Alibaki amepiga magoti. Mama Hortense akapiga makofi mawili karibu kabisa na kisogo chake. Hénoc alikuwa anamtazama Élise tu. Kila mtu aliona, na wengine wakatazama pembeni kama watu waliofungua mlango wa bafu lenye mtu.

"Papa Germain," Mama Hortense alisema bila kugeuka. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na uliniachia nikavika tablo?"

Germain aligeuka akaanza kuelekea kwenye kabini.

Hakukuwa na mtu mwingine mwenye kujua kuendesha. Élise alihitaji hospitali, jua lilikuwa linaelekea upande wa Likasi, na njia ilikuwa bado ndefu. Germain alitoa kisu, akaingia kabini, akaichana mahameli kutoka mwisho huu hadi ule, sponji na gundi, akakwangua mpaka chuma kikaonekana. Mama Hortense alimtazama asiseme neno. Labda ilikuwa mara ya kwanza.

Walimlaza Élise kwenye kabini, katikati ya Hénoc na Mama Hortense, nao wakaondoka. Hénoc aliendesha siku ile kama mtu aliyebeba mayai ya watu wote. Abiria wa juu, ambao sasa walikuwa na hofu, walipiga paa mara kwa mara bila sababu, kumjaribu tu, na kila walipopiga alisimama. Germain, aliyekuwa amening'inia kwenye ngazi ya mlango wa kulia, alimwona Mama Hortense akinyoosha kidole chake kinene na kugonga dashibodi upande wake, kidogo tu, kwa ukucha. Hénoc akageuza kichwa kumtazama. Mama akagonga tena. Hénoc akageuka tena, akathubutu kutabasamu. Mama Hortense akatikisa kichwa, akacheka kwa pumzi fupi, na hata Élise, katika maumivu yake, alitaka kujua wanacheka nini. Germain akaanza kutumaini. Mpaka wanafika mjini tumaini lake lilikuwa limeshapata miguu: ataweka chuma kinene zaidi, atafunga kengele ya kuvuta kwa kamba, atatafuta kioo kikubwa cha nyuma.

Walimfikisha Élise hospitalini, wakashusha abiria sokoni, wakaingiza lori uani kwa Mama Hortense. Hénoc alizima injini, akazunguka kufunga milango, akakagua magurudumu kama kawaida yake. Mama Hortense alisimama na Germain karibu na geti.

"Anaendesha muzuri," alisema. "Nimeona. Kupita yule wa zamani."

"Njo vile, mama. Na chuma tupu, anasikia yote."

"Anasikia kama mukono iko ku tablo. Na siku mukono yote mbili iko inazungusha volant? Ku kona? Ku teremko?" Alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Yule mama angekufa, Papa Germain. Minye ningeenda kuambia batoto yake nini? Ya kusema nilikuwa najua?"

Mipango yake yote ya kengele na kioo ilimkauka Germain mdomoni.

"Mwambie weye arudishe clé," Mama Hortense alisema. "We ni bokilo yake, kaka ya bibi yake."

"Hapana, mama. Sitaweza."

Mama Hortense akaenda mwenyewe. Alizunguka mpaka akasimama mbele ya Hénoc kabisa, pale anapoweza kumwona. Alifungua mdomo, lakini yeye aliyeongea bila kukoma miaka yote hakupata neno hata moja. Akanyoosha mkono tu, kiganja juu.

Uso wa Hénoc ukafunguka. Akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akainama.

"Merci, mama!" alisema, na sauti yake ikafika hadi barabarani. "Merci! Mungu akubariki! Nitamuambia Chérie! Merci!"

Mama Hortense aliuacha mkono wake humo. Alimtazama Germain juu ya kichwa kilichoinama, na Germain akatazama chini. Kisha, kwa mkono wake wa pili, Mama Hortense akaonyesha kwa kidole mfuko wa shati la Hénoc, ule wenye ufunguo wa lori. Hénoc alikitazama kidole kile, bado akitabasamu, akaugeukia uso wa mama, akangoja midomo yake iseme kitu. Haikusema. Hénoc akautoa mkono wake mmoja taratibu, akaupeleka mfukoni.